Kiti cha Kumi na Mbili

Nilimuua mama yangu kwa kalamu, na mpaka leo dada yangu hajui.

Tulieni niwasimulie.

Kazi yangu ni kupokea abiria kwenye kiwanja kidogo cha ndege. Ndege ni moja kwa siku, viti kumi na viwili. Kutoka hapa mpaka mji niliozaliwa ni kilomita mia tatu na kumi kwa angani, dakika arobaini na nane tu. Kwa gari ni mwendo wa saa saba, barabara inazunguka milima mpaka unatapika.

Asubuhi ile dada akanipigia simu analia. Utumbo wa mama umejisokota, anatakiwa apasuliwe leo leo.

"Ila sikiliza kwanza, mdogo wangu, hospitali hapa hawana..."

"Dada, dakika arobaini na nane nipo hapo," nikamkatiza, na simu nikakata.

Utaratibu wetu ni kwamba mfanyakazi anapanda bure kama kiti kimebaki. Siku hiyo viti vyote vilikuwa na wenyewe. Nikakaa kaunta roho juu, naomba mmoja asitokee. Ndiyo, niliomba hivyo.

Dirisha hufungwa saa tano kamili. Saa tano kasoro dakika tano, watu kumi na mmoja wameshafika. Wa kumi na mbili kimya.

Nikachukua kalamu, nikakata jina lake, nikaandika: hakufika. Chini yake nikaandika la kwangu.

Hata kalamu sijaiweka chini, jamaa huyo anaingia mbio, shati limelowa jasho, begi la kijivu kalikumbatia kifuani.

"Tumefunga," nikamwambia.

Akanyoosha kidole kwenye saa ya ukutani, juu ya kichwa changu. Ilikuwa kasoro dakika tatu.

"Ndugu yangu, kuna mtu ananisubiri kule."

"Kila mtu anasubiriwa." Nikashusha pazia, yeye bado anaongea.

Angani nilijiona mjanja kweli. Nikatazama ile barabara ya milimani kwa chini, nikawahurumia waliokuwa ndani ya magari.

Saa saba kasoro nilikuwa wodini. Mama alikuwa hai. Akanishika mkono, kiganja chake cha baridi. Nikamuuliza dada mbona hajaingizwa chumba cha upasuaji.

"Si ndiyo nilitaka kukwambia ukakata simu? Daktari wa usingizi hapa hawana, wameazima wa huko kwenu. Alikuwa aje na ndege hiyo hiyo uliyopanda." Akasonya. "Kapiga simu, anasema kuna mshenzi hapo kiwanjani kamfungia dirisha muda haujafika. Humjui?"

Nikainama kumrekebishia mama shuka.

"Simjui," nikasema.

Mama alikata roho saa kumi, ameushika mkono ule ule ulioshika kalamu.

Daktari alifika saa kumi na mbili jioni kwa gari la kukodi, begi lake kifuani. Akatukuta mimi na dada kwenye korido. Akanitazama, na nina uhakika alinitambua.

Nikangoja aseme.

"Poleni kwa msiba," akasema, akapita.

Dada humlaani mtu wa kiwanjani kila tukienda kaburini. Mimi huitikia amina.

Nyinyi mnaokaa nyuma ya madirisha, mtu akiwaambia anasubiriwa, muulizeni anasubiriwa na nani.