Ushahidi Kwamba Fredesvinda Alizaliwa

Kwa miaka thelathini na minne Fredesvinda Abelarde alikaa nyuma ya dirisha namba mbili la manispaa ya San Dimas, na hakuna mtu aliyezaliwa, kuoa wala kufa katika mji ule bila kwanza kumwona akitafuna. Alikuwa karani wa usajili. Kila cheti kilipita chini ya mhuri wake, na mhuri ulishuka saa aliyotaka yeye, akishamaliza merienda, yaani vitafunio. Merienda ya asubuhi ilianza saa tatu na nusu, kwa ndizi za kukaanga. Ya alasiri ilianza mara tu chakula cha mchana kilipomshuka tumboni. Katikati palibaki upenyo wa kama saa moja na robo, na humo ndimo serikali ilimofanya kazi.

Mbele yake watu walimwita Aling Vinda, kama inavyostahili mwanamke wa umri na cheo chake. Akigeuka, walimwita Mtakatifu Kesho.

Alikuwa na swali alilolipenda kuliko chakula, na hilo si jambo dogo. Mzee amekuja kutafuta cheti cha kuzaliwa ili apate pensheni. Kasimama pale na fimbo yake, jasho lake na kikohozi chake. Aling Vinda humtazama juu ya miwani, humeza, kisha humwuliza polepole: "Na una ushahidi gani kwamba ulizaliwa?"

Foleni nzima ilicheka. Ilibidi. Asiyecheka alikumbukwa zamu yake ilipofika.

Alistaafu akiwa na miaka sitini na mitano, akapewa saa ya ukutani na kuku wawili wa kuokwa, akakaa nyumbani mwaka mzima bila mtu wa kumwambia arudi kesho. Jioni moja ya mwezi wa nane bintiye Charito, nesi kule Ayalandi, akampigia simu ya video. Baada ya miaka tisa ya kusali novena na kumeza vidonge alikuwa na mimba ya miezi mitano.

"Mama, nataka uje unilelee mtoto," alisema Charito. "Lakini sikiliza vizuri. Chumba ni kimoja na mwaliko ni mmoja. Kufikia mwanzo wa Novemba uwe umeomba pasipoti, ili visa iwahi. Ukishindwa, anakuja mama mkwe. Yeye pasipoti anayo."

"Gliceria? Yule anayepika supu ya sinigang kwa unga wa paketi ndiye amwogeshe mjukuu wangu?"

"Ana pasipoti, Mama."

"Mimi nimeandikisha nusu ya mkoa huu, mwanangu. Karatasi zinanijua."

Kesho yake akaenda kwenye duka la kompyuta sokoni, binti wa pale akamtafutia miadi katika ofisi ya pasipoti ya mjini: tarehe nne Novemba, saa tatu asubuhi. Nafasi nyingine iliyofuata ilikuwa mwezi wa tatu.

"Usisahau cheti cha kuzaliwa, Aling Vinda," binti alisema. "Bila hicho hawakusikilizi hata ukilia."

Aling Vinda akacheka. Kisha akaacha kucheka, na binti akamwuliza kama anataka maji.

Maana hakuwa nacho. Alizaliwa ng'ambo ya mto, kwenye minazi, kwa mkunga wa kijijini. Babake alisema atakwenda kumwandikisha wakishavuna, wakavuna miaka ishirini. Kazi alipewa kwa barua ya binamu wa meya, na barua ya binamu wa meya haikuhitaji kiambatisho. Siku ya kwanza pale dirishani alijiambia atajiandikia cheti chake akipata nafasi. Fomu zilikuwepo, taipureta ilikuwepo, mhuri aliulalia kama mto. Kila mwaka alijiambia, kesho. Katika mji mzima, ni yeye peke yake aliyewahi kuiamini kesho ya Aling Vinda.

Hata safari hii alijiambia kesho, mpaka mwezi wa tisa ukaisha ndipo akaenda. Sasa dirishani alikaa Rogelyn, msichana mnyoofu aliyefundishwa kazi na Aling Vinda mwenyewe na aliyemwita Ate, yaani dada mkubwa. Ukutani nyuma yake palikuwa na karatasi ya masharti iliyofunikwa plastiki, kwa mwandiko wa Aling Vinda, ule wa herufi nene zenye hasira.

"Kuandikisha aliyechelewa, Ate, unajua mwenyewe," alisema Rogelyn. "Tangazo siku kumi ubaoni. Halafu mashahidi wawili wasio ndugu, waliokuwa na akili zao ulipozaliwa. Waje wenyewe, wote wawili kwa pamoja, kabla ya saa sita, na isiwe Ijumaa."

"Hayo ya pamoja na Ijumaa hayamo kwenye sheria."

"Najua. Nilikuuliza yametoka wapi, ukaniambia nikiuliza tena utanihamishia kwenye vyoo vya soko."

"Basi mimi ndiye niliyeyaandika, na mimi nayafuta."

"Mkaguzi wa mkoa aliyapenda, Ate. Siku hizi yanatumika manispaa zote sita." Rogelyn akachukua kalamu. Hakuwa na kinyongo hata chembe, na hilo ndilo lililomwogopesha Aling Vinda. "Makaratasi ya mwezi huondoka na gari la mkoa tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi. Vyeti hurudi wiki mbili baadaye. Makaratasi yakikosa gari hilo yanangoja mwezi unaofuata, na miadi yako itakuwa imepita. Tuanze. Jina?"

Nyuma kwenye foleni dereva mmoja wa bajaji akasema, si kwa sauti kubwa: "Muulize kwanza ana ushahidi gani kwamba alizaliwa."

Watu wakacheka. Safari hii hapakuwa na wa kuwalazimisha.

Tangazo likabandikwa ubaoni tarehe tatu Oktoba. Lilisema kwamba Fredesvinda Abelarde anadai kuzaliwa katika mji huu, na mwenye pingamizi alilete kwa maandishi. San Dimas haikuwa na sinema, kwa hiyo watu walikuja kulisoma. Walikuja na watoto. Kufikia siku ya tano pembezoni mwa karatasi palikuwa pamejaa kalamu. Mmoja aliandika: Hakuzaliwa, alitolewa nakala. Mwingine: Napinga, sababu nitaileta kesho. Wa tatu alichora ndizi ya kukaanga, akaipigia mhuri kwa kizibo cha soda.

Aling Vinda alipita pale kila asubuhi na mwavuli wake, akisoma kwa pembe ya jicho. Majina ya waandishi aliyajua kwa miandiko. Aliyaweka akiba kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba hana tena dirisha la kuyatumia.

Ikabaki kazi ya mashahidi. Waliomzidi umri na bado wakaweza kusimama walikuwa wachache. Wengine walikwisha kufa, na vyeti vyao vya kifo alivichelewesha yeye. Akampata Mang Tibo, mkwea minazi wa miaka sabini na tisa, ambaye ukimpa chupa moja ya pombe ya nazi hana adui.

"Nitaapa," alisema Mang Tibo. "Ukiongeza ya pili, nitaapa ulizaliwa mara mbili."

Wa pili alikuwa Aling Conching, muuza bibingka, mikate ya mchele, mwenye miaka themanini. Alikuwa jirani wa mama yake Vinda kule ng'ambo ya mto. Ndiye aliyechemsha maji siku ile, akiwa msichana wa miaka kumi na minne. Ushahidi mzuri kuliko huo haukuwepo duniani.

Kulikuwa na jambo moja tu. Katika mwaka wa pili wa kazi ya Aling Vinda, mwezi wa Aprili, kitinda mimba wa Conching alizama mtoni. Alikuwa na miaka tisa. Padri na mlinzi wa makaburi walitaka karatasi ya dirisha namba mbili ndipo wafungue lango. Siku ya kwanza Conching alikuta merienda. Siku ya pili alikuta mhuri hauna wino. Karatasi aliipata siku ya tatu, na siku zote hizo, katika joto la Aprili, mtoto alilazwa juu ya barafu iliyoombwa kwa wauza samaki.

Aling Vinda alilikumbuka jambo hilo kwa upande wake. Alikumbuka mwanamke fulani aliyelowesha sakafu kwa maji yaliyonuka samaki, na jinsi alivyolazimika kumwita mfagizi.

Alimkuta Conching akipepea makaa juu na chini ya chungu cha bibingka.

"Ate Conching, nina shida ndogo."

"Nimeisoma ubaoni."

"Utakuja? Jumatatu, tarehe kumi na tatu, kabla ya saa sita."

Conching akafunua chungu, akatazama unga ulivyoumuka, akafunika. "Nitakuja," alisema.

Jumatatu Mang Tibo alifika saa mbili, ameoga, ameazima viatu, hajagusa tone. Walikaa kwenye benchi wakitazama mlango. Saa sita dirisha likafungwa. Aling Vinda akatembea kwa miguu juani mpaka kwa Conching, akamkuta amekaa kivulini, miguu ameinyoosha.

"Nilikuwa kwenye merienda," alisema Conching.

"Tangu asubuhi?"

"Ilikuwa tamu." Akajipepea. "Njoo kesho."

Jumanne Conching alifika kweli. Alivaa gauni la kanisani, nywele kazibana kwa kitana cha gamba, na ilikuwa saa sita na dakika tano. Akakaa kwenye benchi mbele ya dirisha lililofungwa, akafungua jani la mgomba, akamkatia Mang Tibo kipande, akamkatia na Aling Vinda.

Aling Vinda aligonga kioo. "Rogelyn. Wote wawili wako hapa. Dakika tano tu."

"Dirisha limefungwa, Ate."

"Lakini unaniona. Nimesimama mbele yako."

"Na wa foleni yako ulikuwa unawaona," alisema Rogelyn, akiteremsha pazia kwa adabu.

Alasiri hiyo Aling Vinda alikwenda tena kwa Conching, na safari hii hakubisha hodi. Alipiga magoti kwenye majivu, na magoti ya miaka sitini na sita hayapigwi kwa mzaha. Alisema gari linaondoka kesho saa nne. Alimtaja Charito na mimba iliyongojwa miaka tisa. Alimtaja hata Gliceria na unga wake wa paketi. Kisha akasema kwamba kama ni yale ya zamani, anaomba msamaha, alikuwa kijana, na wino kweli ulikuwa umekwisha.

Conching alimsikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayengoja foleni iishe.

"Jina lake nani?" aliuliza.

"Nani?"

"Mwanangu."

Aling Vinda alifungua mdomo. Majina elfu kadhaa yalikuwamo kichwani mwake, na miandiko yake, na makosa yake. Alipapasa humo kama mtu anayetafuta funguo.

"Ernesto," alisema.

"Uliliandika kwa mkono wako," alisema Conching, akarudi kwenye makaa. "Nenda kalale. Kesho nitakuja."

Jumatano gari la mkoa lilifika saa nne kasoro dakika kumi. Rogelyn aliufunga mfuko, akamtazama Aling Vinda mara moja, akaufungua, akangoja dakika tatu ambazo hakuna aliyemfundisha kuzingoja, akaufunga tena. Dereva alitia sahihi. Aling Vinda alilifuata gari mpaka kwenye lango, mwavuli ukiwa bado umefungwa mkononi, akalitazama likikunja kona ya kanisa.

Saa nne na nusu Conching aliingia, kamshika Mang Tibo mkono. Walisimama dirishani pamoja, kabla ya saa sita, na haikuwa Ijumaa. Akaapa, na hakupunguza neno. Alisema mtoto alizaliwa siku ya Jumapili mvua ikinyesha, alitanguliza miguu, mama yake nusura amfie, na alipolia mara ya kwanza mama yule alicheka mpaka akaomba maji. Alisema hajawahi kuona mtoto aliyengojwa kwa hamu kiasi kile. Rogelyn aliandika yote. Conching akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akakibandika kwenye karatasi, akakifuta kwa leso.

Alipokuwa akitoka alisimama mbele ya Aling Vinda aliyejiinamia kwenye benchi.

"Nestor," alisema. "Alingoja siku mbili. Wewe umengoja siku mbili, na hata hunuki."

Cheti kilirudi mwanzoni mwa Desemba. Rogelyn alimpigia simu, naye Aling Vinda akaja upesi, akafika saa tatu na nusu, akakaa kwenye benchi mpaka ndizi za Rogelyn zikaisha.

"Hongera, Ate," alisema Rogelyn akiipitisha karatasi chini ya kioo. "Umezaliwa."

Foleni ikapiga makofi. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya kifua cha gauni. Simu ikalia akiwa bado ngazini. Kwenye kioo cha simu alimwona Gliceria kavaa sweta jipya, kakumbatia kifurushi cheupe chenye uso mwekundu, anapunga mkono kama meya. Kisha sura ya Charito ikajaa, imechoka, imenenepa mashavu.

"Ni msichana, Mama. Kilo tatu na robo."

"Nimepata cheti," alisema Aling Vinda. "Miadi ya pasipoti wamenipa mwezi wa tatu. Mmemwitaje?"

Charito alitazama pembeni, mahali ambapo simu haikuonyesha.

"Gliceria," alisema. "Tumempa jina la bibi aliyekuwepo."