Alhamisi ya Maua ya Biringanya

Kitu cha kwanza mtu anachokiona kwa Samruai si uso wake, ingawa ni uso usiokaa mbali na kicheko. Ni vidole gumba vyake. Vyote viwili ni vyeusi mpaka ndani ya kucha, weusi wa utomvu wa jani la mgomba usiotoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Kila Julai, Siku ya Kuwainamia Walimu inapokaribia, weusi huo hupanda hadi viganjani. Wanachuo wanaofika sokoni asubuhi katika sare zao nyeupe hawana haja ya kuuliza jina. Wanatafuta vidole.

"Mama mkubwa, wewe ndiye wa maua?"

"Ndimi. Na wewe ndiye uliyesahau mpaka leo, sivyo? Sogea basi, usinikanyagie ukoka."

Ukoka huo ni mali. Kila mwanafunzi anayekwenda kupiga magoti mbele ya walimu wake hubeba vitu vitatu ndani ya jani la mgomba lililosokotwa: ukoka, ili elimu itambae kama unavyotambaa wenyewe; kichala cha maua mekundu yenye ncha kama sindano, ili akili iwe kali; na ua moja la biringanya. Ua la biringanya halitazami juu. Tangu linapochanua huinamisha kichwa, na ndivyo mwanafunzi anavyotakiwa awe mbele ya anayemfundisha.

Miaka tisa iliyopita mambo hayo yote yasingempatia Samruai hata bakuli la tambi. Upande huu wa wilaya ulikuwa muhogo na miwa, barabara moja ya vumbi, na stendi ya basi ambayo watu waliijua kwa kuondokea kuliko kwa kufikia. Vijana walikwenda Bangkok kujenga maghorofa au Rayong kwenye viwanda. Walirudi Aprili kumwagiana maji ya mwaka mpya, wakaondoka tena. Orathai, binti pekee wa Samruai, aliondoka ana miaka kumi na tisa. Huu ni mwaka wake wa kumi na moja wa kukaza skrubu za milango ya magari.

Ndipo serikali ilipofyeka shamba kubwa la miwa na kujenga hapo chuo kikuu cha sayansi za afya. Uuguzi ulitangulia, ukafuata ufamasia, udaktari wa meno, tiba ya viungo, na mwishowe udaktari wenyewe. Watu walidhani wameletewa hospitali tu. Kumbe waliletewa matumbo maelfu yanayokula mara nne kwa siku! Mwanachuo mwenye mtihani hula kuku wa kuchoma, kachumbari ya papai bichi, wali wa kunata, na bado ana njaa. Hupeleka kwa dobi makoti meupe yasiyotaka hata doa moja. Hutoa kopi za mifupa yote ya mwili wa binadamu, kurasa mia tatu, akazipoteza, akatoa tena. Fundi cherehani aliyekuwa akishona vyandarua sasa anashona sare za wauguzi, na ameajiri mashemeji zake wote wawili. Hata muuza barafu amenunua pikapu ya pili.

Aliyewahi kuliko wote ni Bualai, jirani wa Samruai. Shamba lake la biringanya liko kando ya barabara. Alilimega nusu, akajenga vyumba ishirini na vinne vya kupanga, akavipaka rangi ya waridi na kuviita Makao ya Wauguzi. Nusu iliyobaki bado ina biringanya, na wapishi wa chuoni hawazinunui kwingine. Samruai hakuwa na ardhi barabarani. Alikuwa na kishamba nyuma ya hekalu, mahali ambapo hata mbwa hapiti bila sababu.

"Jenga basi hata chumba kimoja, dada," Bualai humwambia kila anapopita na pikipiki yake mpya. "Kimoja tu. Umpangishe popo."

"Popo wako wa waridi wanatosha, mdogo wangu."

Lakini bahati ilimfuata Samruai hukohuko nyuma ya hekalu. Siku moja walitokea wasichana watatu wa mwaka wa kwanza, matope hadi magotini, wanatafuta maua ya biringanya. Walikuwa wamezunguka kutwa nzima na kila mkulima amewafukuza, maana kuchuma ua ni kuchuma biringanya kabla haijazaliwa. Samruai aliwapa. Mwaka uliofuata walikuja kumi na watano, na baada ya hapo hakuna aliyewahesabu tena. Akaanza kukunja majani ya mgomba kama mama yake alivyomfundisha kwa ajili ya hekalu, na vidole vyake vikaanza kuwa vyeusi.

Mwaka huu alifika mwenyewe Mwalimu Kanlaya wa uuguzi, aliyepewa dhamana ya sherehe. Akaketi kwenye kigoda cha Samruai bila kukipangusa.

"Mama mkubwa, safari hii vitivo vyote vitano tutafanya pamoja, katika ukumbi mpya. Wanafunzi elfu moja na mia nane. Chuo kinataka kununua kwa majirani kwanza. Mkiiweza hiyo Alhamisi ya sherehe, kazi ya mwaka mzima ni yenu. Mahafali, wageni, kumbukumbu ya wale waliotuachia miili yao tufundishie. Yote."

Samruai alimpigia Orathai simu kabla gari la mwalimu halijakata kona.

"Mama," Orathai alisema, "mwisho wa mwezi kiwanda kinataka nisaini miaka mitatu mingine. Ukiipata kazi ya mwaka mzima, sisaini. Narudi, tunafanya pamoja. Usipoipata…"

"Nitaipata."

"Usiseme tu, Mama."

"Nimesema nitaipata! Omba ruhusa, panda basi, uje uone Alhamisi kwa macho yako."

Akakusanya wanawake kumi wa kijijini. Uwanja wa nyuma ya hekalu ukawa kama kiwanda: huku wanapasua majani, kule wanafunga ukoka, katikati wanasengenya wakwe zao. Jumanne mchana walipeleka mafungu mia moja ya kwanza, wanafunzi wayafanyie mazoezi. Samruai akasimama mlangoni pa ukumbi, kifua mbele.

Wanafunzi waliingia kwa mstari. Wakapiga magoti. Wakainama mara ya kwanza, paji la uso hadi sakafuni. Walipoinama mara ya pili, sakafu iliyong'arishwa ilianza kupata madoa ya zambarau. Ua moja. Matatu. Ishirini.

"Langu limeanguka!" msichana mmoja alipiga kelele. "Jamani, limeanguka! Nitaanguka anatomia!"

Hapo tena! Safu nzima ilikumbatia maua yake kama watu waliobeba mayai. Wengine walicheka, wengine walitaka kulia. Hakuna mwanafunzi upande huu anayetaka kwenda mbele ya mwalimu na ua lililokatika shingo.

Mwalimu Kanlaya hakumkemea mtu. Aliokota ua moja, akaliweka kwenye kiganja cha Samruai, akatabasamu nusu.

"Mama mkubwa, maua yako yana haraka ya kwenda nyumbani."

"Alhamisi yatakaa, Mwalimu."

"Ningependa yakae. Mkuu wa chuo atakuwa safu ya mbele. Na kuna muuzaji wa mjini mwenye maua ya plastiki, ameshanipigia simu mara tatu."

Samruai alirudi kwa miguu, ua limo kiganjani. Alipofika shambani ndipo alipoelewa, akaketi chini palepale kwenye tuta. Mbiringanya una maua ya aina mbili. Kuna lililonenepa, lenye kikonyo kigumu, ambalo litakuwa tunda. Na kuna jembamba, dhaifu, ambalo litaanguka lenyewe baada ya siku mbili. Mkono wa mkulima hauambiwi tofauti. Mikono yake, kwa miaka arobaini, ilikuwa imezoea kuruka maua manene, na kila Julai iliendelea kuyaruka. Aliwauzia wanachuo maua, na biringanya akabaki nazo. Zamani sherehe zilikuwa fupi na darasa moja moja, hakuna aliyegundua. Hakuwa ameiba, wala hakuwa amepanga. Mikono tu. Na wale wanawake kumi, wakulima wote kama yeye, walikuwa na mikono ileile.

Mbele yake maua manene yalikuwa yamejaa kila shina, salama salimini.

"Yote haya yakatwe," aliwaambia wenzake. Mmoja wao alishika shavu.

"Na biringanya?"

"Hakuna biringanya mwezi ujao. Kuna Orathai."

Walipokisia, maua yalifika elfu moja na kidogo. Yalipungua kama mia saba. Na shamba jingine la biringanya lililo karibu lilikuwa moja tu.

Jumatano, jua halijawa kali, Samruai alimkuta Bualai akianika mashuka ya Makao ya Wauguzi. Alimweleza yote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kujipamba.

"Subiri," Bualai alisema, kibanio cha nguo mdomoni. "Unataka kuzichuma biringanya zangu za mwezi ujao kabla hazijawa biringanya?"

"Ndiyo."

"Angalau ungeanza na habari za asubuhi, dada."

"Habari za asubuhi. Nitakulipa kama nimechukua tunda."

Bualai alitundika shuka, akalinyoosha, akalinyoosha tena ingawa lilikuwa limeshanyooka.

"Unamjua msichana wa chumba namba tisa? Hajala tangu jana. Ua lake lilianguka kwenye mazoezi. Ananiambia, mama, nitafeli. Akifeli, atahama. Akihama, rafiki yake wa namba kumi atamfuata. Wakihama hao, yule wa kuku wa kuchoma pale mlangoni atamuuzia nani? Unaona unavyotaka kunifilisi wewe na mikono yako yenye huruma?"

"Naona."

"Basi chukua maua. Lakini nachuma mimi! Wewe utayahurumia."

Akaingia shambani na mkasi, akachagua ua nene kuliko yote, akafumba macho, akakata. Kisha akacheka kwa sauti, cheko la mtu aliyeruka mtaro mpana akajikuta ng'ambo. Baada ya hapo hakukuwa na wa kumzuia. Milango ya waridi ilianza kufunguka mmoja mmoja. Wanachuo wasio na vipindi walitoka na ndala na mabeseni, msichana wa namba tisa akiwa wa mbele, akichuma kwa vidole viwili kama anayeshika mshipa wa mgonjwa. Muuza barafu alileta mapande ya barafu ya kupozea maji ya maua, akakataa kulipwa.

"Chuo kikinuna, mimi barafu nitampa nani? Samaki?"

Alasiri walifunga fungu la kwanza la maua manene. Bualai alilishika kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya Samruai katikati ya maganda ya migomba.

"Mwalimu wangu mpendwa," alisema kwa sauti ya hekaluni, "naomba unisamehe kwa yale maneno ya popo."

Akainama mara moja. Mara mbili. Mara tatu, tena kwa nguvu, mpaka nywele zikamfunguka. Ua liliyumba, likatulia, kichwa chini, shingo nzima.

Wanawake walipiga vigelegele hadi mtawa akachungulia juu ya ukuta.

Alhamisi asubuhi pikapu mbili za barafu zilipanda kilima cha chuo polepole kama zimebeba bibi harusi. Maua yaligawiwa mlangoni: elfu moja na mia nane, yakabaki manane. Mwalimu Kanlaya alivuta moja taratibu kwa ncha za vidole. Halikutoka. Alimwonyesha Samruai karatasi ya mkataba wa mwaka mzima iliyokuwa ndani ya jalada lake, haijatiwa saini, kisha akalifunga jalada na kwenda kukaa mahali pake.

Samruai alisimama nyuma kabisa, kando ya Bualai, vidole gumba vyake vyeusi amevificha ndani ya ngumi. Simu ikatikisika mfukoni. Orathai.

"Basi limeingia stendi. Ile karatasi ya kiwanda ninayo kwenye mkoba, sijaigusa. Nachukua pikipiki. Mama, wasianze bila mimi!"

Lakini walikuwa wameanza. Wimbo wa kuwashukuru walimu ulijaa ukumbini, ukaisha. Safu nyeupe zilishuka magotini, mpaka nyuma. Wakainama mara ya kwanza. Vichwa vilipoinuka, sakafu ilikuwa tupu. Wakainama mara ya pili. Samruai alitembeza macho safu kwa safu, na Bualai alikuwa amemkamata mkono kwa nguvu kiasi cha kuumiza.

"Hakuna," Bualai alinong'ona. "Dada, hakuna hata moja!"

"Nyamaza. Bado mara moja."

Nje, chini kidogo ya kilima, pikipiki ilisikika ikibadilisha gia na kuanza kupanda. Katika safu ya mbele Mwalimu Kanlaya alikuwa amelifungua tena jalada na kufungua mfuniko wa kalamu yake. Na vichwa elfu moja na mia nane, polepole, kwa pamoja, vilianza kushuka mara ya tatu.