Rojo ya Miti na Kilima Chetu

Nianze na ujinga wangu: nilichora milima badala ya hesabu. Mwalimu alinipa tarakimu nilinganishe kwa grafu ya mistari, mwaka kwa mwaka, rojo ya miti ya kutengenezea karatasi iliyoingizwa Kongo ya Wabelgiji na ile ya Uganda. Nikazembea. Asubuhi ya siku ya kuonyesha kazi nikachungulia dirishani, nikanakili mgongo wa kilima kirefu uwe mstari wa Kongo, na wa kifupi uwe wa Uganda.

Mbele ya wazazi, enspekta aliyekuja kuchagua watakaokwenda sekondari akauliza, "Hapa Kongo ilishuka kwa nini?"

"Vita, Mesye," nikajibu kwa adabu. "Meli zilikosekana."

Akaitikia kwa kichwa. Nikajiona profesa. Hapo mama yangu akasimama, amejaa furaha, kidole kwenye mchoro.

"Mesye, ile njo kilima yetu, ndiyo yenyewe! Pale inashuka njo tunalimaga maharage. Mutoto anajua kuchora, ila amesahau nyumba."