Mtihani wa leseni ya ukunga: mashine ilisema sikuwa peke yangu chumbani

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni mama wa Likasi, Kongo, upande wa Katanga. Kazi yangu ni ukunga. Kiswahili changu mtanivumilia, na Kifaransa kikiponyoka katikati mnisamehe pia.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na shoga wala jirani. Nimekaa kimya nikidhani hasira itapoa. Haijapoa, kwa hiyo leo naimwaga hapa, na asiyetaka kusoma maneno ya mtu mwenye hasira apite uzi mwingine.

Ofisi sitaitaja, wala jina la mtu. Bado nataka kula.

Niweke jambo moja sawa kabla hamjaanza kunirukia. Sipingi leseni hata kidogo.

Huku kwetu ukielekea Kambove au Kakanda, kwenye machimbo, utamkuta mtu kafungua "dispensaire" ya chumba kimoja, koti jeupe kanunua sokoni, na anachoma watu sindano mchana kweupe. Nimewapokea wanawake waliopitia mikononi mwa watu wa namna hiyo. Wengine walifika wamechelewa. Sisahau nyuso zao.

Kwa hiyo walipotangaza kwamba kila mkunga atafanya mtihani upya, akifaulu apewe kadi yenye QR, na mgonjwa yeyote aweze kuiscan kwa simu yake ajue kama huyu ni mkunga kweli au ni mwizi wa koti, mimi nilishangilia. Wenzangu walinuna. Mimi nilikuwa nawaelimisha kwenye group la WhatsApp kama vile nimelipwa na serikali.

Na mtihani wenyewe ni online! Hakuna kusafiri hadi Lubumbashi, hakuna kulala kwa ndugu wanaokuhesabia vipande vya mkate. Unakaa nyumbani, unafungua laptop, kamera inakutazama, unajibu maswali. Nikasema kweli dunia imefika Likasi.

Basi.

Masharti yalikuja kwa Kifaransa kirefu. Chumba kiwe na mtu mmoja tu. Meza iwe tupu. Ukutani pasiwe na maandishi wala picha ya mtu. Kabla ya kuanza unaizungusha laptop ili kamera ione kila pembe.

Kwangu kuna watoto na kelele, nikaenda kufanyia kwa mama yangu, kule Panda, kwenye zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi. Kwake angalau umeme haukatiki kila saa, na yeye anaishi peke yake tangu baba afariki.

Nikaanza kuvua vitu ukutani. Kalenda, picha ya harusi yao, picha ya baba. Nilipofika kwenye picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, mama akasimama mlangoni, hataki Yesu atolewe ukutani.

"Yesu alikufanya nini, weye? Unamutosha ku mur juu ya examen?"

"Mama, ni règlement. Habatake sura ingine mu chumba."

Akanitazama kama mtoto aliyekataa kusalimia wageni. Halafu akaingia ndani, akatoka na nguo imekunjwa vizuri.

"Basi kama Yesu ametoka, utavala kikwembe ya mon Père. Hauwezi kuingia mu examen bila muntu wa kukuombea."

Niwaeleze ambao si wa huku. Kikwembe ndicho kitenge, na mon Père ndiye padri. Parokia ikifanya jubilei, kinachapishwa kitenge maalum chenye picha ya padri, na kina mama wote wanashonesha. Hiki kilikuwa na padri wetu wa zamani, marehemu, mzee wa ndevu nyeupe, ndani ya duara kubwa la dhahabu.

Na fundi wa kwetu mwenye adabu zake hakati uso wa padri kwa mkasi. Wala hauweki mahali utakapoukalia. Nyuso zote anazipandisha juu: kifuani moja, mabegani mbili, na kwenye kilemba moja katikati ya paji.

Mnaona tunakoelekea? Mimi sikuona. Nilivaa, nikajitazama kwenye kioo, nikajiona nimependeza.

Mtihani ukaanza. Maswali mazuri kabisa, wakuu, nasema ukweli. Mama anatoka damu baada ya kujifungua, utaanza na nini. Mtoto katanguliza makalio, utafanyaje. Mambo ninayoyafanya kila wiki. Nilikuwa nateleza tu.

Ghafla skrini ikageuka rangi ya machungwa. *Personne supplémentaire détectée.* Yaani imeona mtu mwingine chumbani.

Nikageuka nyuma. Hakuna mtu. Nikabonyeza endelea.

Ikarudi. Nikageuka tena, nikachungulia nyuma ya pazia. Nikapaza sauti, "Mama, uko mu chumba?" Mama akajibu kutoka uani kwamba yuko anachekecha unga.

Ikarudi tena na tena. Kila ikirudi nami nageuka kumtafuta huyo mtu. Nilianza kuogopa kweli, nikadhani labda kuna kijana kaingia kuiba. Baadaye nilikuja kujua kwamba kule kugeukageuka nako kulikuwa kunaandikwa: mtahiniwa anatazama pembeni mara kwa mara, huenda anapokea majibu.

Nilimaliza maswali yote. Matokeo yalikuja kwa simu.

Mtihani umefutwa. Sababu: kusaidiwa na mtu mwingine.

Nilikaa chini kwenye saruji ya uani, nikalia kwa hasira. Mimi! Kazi hii nimeifanya tangu sijaolewa. Nimezalisha wanawake ambao mama zao niliwazalisha pia. Ninaambiwa niliibia mtihani wa ukunga, na mwizi mwenzangu hajulikani ni nani.

Na nawajua walioibia kweli. Yupo aliyekuwa anasoma maswali kwa sauti, na mtu amekaa chini ya meza, nje ya jicho la kamera, akimpa majibu kwa kumfinya mguu. Huyo alifaulu vizuri, akapongezwa kwenye lile lile group nililokuwa nahubiri.

Kazini mkuu wa kituo chetu aliniita. Ni mtu mwema, hakuweza hata kunitazama usoni. Amri ilikuwa imefika kwamba asiye na kadi haingii chumba cha kuzalishia. Akanihamishia kupima uzito wa watoto.

Kuna mama aliyekuwa anakuja kliniki kwangu tangu mimba ikiwa changa. Siku yake ilipofika alipita mbele yangu akiwa anaugulia, akanishika nguo, "Mama, unakuya?" Nikamwambia wenzangu watakusaidia. Nilibaki na mzani wangu. Kwa siku hiyo sitaisamehe ofisi yoyote duniani.

Nilituma malalamiko kwenye system. Jibu likaja hapo hapo: malalamiko yako yamepokelewa. Nikatuma tena. Yamepokelewa. Nadhani hata ningewatumia salamu za Pasaka zingepokelewa.

Nikapanda gari kwenda Lubumbashi, kwenye ofisi yao.

Nilikaa kwenye benchi la korido mpaka mgongo ukauma, ndipo nikaingizwa kwa chef, yaani mkuu wa leseni, mwanaume wa makamo, mpole, shati limepigwa pasi. Nikamwambia sihitaji huruma, nataka nionyeshwe huyo mtu aliyenisaidia. Akaguna, akatafuta kwenye kompyuta, akanigeuzia skrini.

"Ona weye mwenyewe, Madame."

Nilikuwepo mimi, macho kwenye maswali, na kiboksi chekundu kimeuzunguka uso wangu. Kiboksi kingine kifuani. Vingine viwili mabegani. Kingine juu ya paji la uso, kwenye kilemba.

Kila kiboksi, ukiacha changu, kina ndevu nyeupe.

Chef alisogea karibu na skrini, akavua miwani, akaanza kucheka mpaka mabega yakatikisika.

"Aa, Mama! Lakini uyu ni mon Père! Njo alibatiza mutoto yangu wa kwanza!"

Sikucheka. Hata sasa mkicheka ninyi sitawalaumu, lakini mimi bado sijacheka.

"Basi umeona, chef. Tosha ile kosa."

Akavaa miwani. Kicheko kikamwisha.

"Miye nimeona, Mama. Lakini mashini haikuone vile."

"Basi weye uko unafanya nini hapa?"

Hakukasirika. Alinielekeza kwa kidole vitufe kwenye skrini. "Niko na bouton mbili tu. Iyi ni ya kukubali ile mashini ilisema. Iyi ingine ni ya grâce, ya kusamehe, kama candidat anakubali kosa yake."

"Na bouton ya kusema mashini ilikosea?"

"Hamuna."

Wakuu, naomba mlisome vizuri hilo. Waliotengeneza mfumo waliweka nafasi ya mkunga kuwa mwizi asiyetubu na nafasi ya mkunga kuwa mwizi aliyetubu. Hakuna aliyefikiri kwamba mashine inaweza kukosea.

Nilipiga kelele. Nilisema mambo ambayo mama yangu asingependa kuyasikia. Watu walichungulia kutoka vyumba vingine. Chef alinisubiri nimalize, halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nikikataa grâce nitasubiri kipindi kingine cha mtihani, na hicho hakijulikani kitakuwa lini, labda mwaka ujao, labda baada ya hapo. Nikikubali, alama zangu zinarudi. Na alama, aliniambia, zilikuwa nzuri sana.

"Nikisaini, inaandikwa wapi?"

"Ni mambo ya ndani tu, Mama. Nani atasoma?"

Nikakumbuka yule mama aliyenishika nguo. Nikawakumbuka wanaofuata nyuma yake.

Nikasaini. Nilikiri kwamba nilisaidiwa na mtu mwingine katika mtihani.

Kadi ilikuja. Plastiki nzuri, picha yangu, QR pembeni. Sheria inasema uivae kifuani ionekane. Nikarudi chumba cha kuzalishia, na siku za kwanza nilifanya kazi kwa furaha mpaka wenzangu wakaniuliza nimekula nini.

Halafu wakaja mume na mke vijana. Mimba ya kwanza. Mke alikuwa amebana meno, uchungu umeshika, akanikamata mkono hata kabla sijamsalimia. Nikamwonyesha namna ya kupumua. Tukapumua pamoja.

Mume alikuwa amesimama pembeni na simu. Alikuwa amesikia matangazo redioni, scan kadi ya anayekuhudumia, ni haki yako. Akaiscan yangu. Nikamruhusu, tena nikajisogeza ili asipate shida.

Akasoma. Akarudia kusoma. Nikaona uso wake umebadilika.

"Mama, unisamehe. Sikutukane. Bibi yangu anazala mara ya kwanza, njo maana naogopa. Hamuna infirmière mungine?"

Akanigeuzia simu. Jina langu. Namba yangu. Chini yake, kwa herufi ambazo hata asiyevaa miwani anazisoma: *Fraude à l'examen. Grâce accordée.* Yaani aliibia mtihani, akasamehewa.

Mke akauliza, "Kuko nini?"

Mume akamwonyesha.

Akauachia mkono wangu.

Ningeanzia wapi? Niseme ni padri? Niseme ni kitenge? Mwanamke yuko kwenye uchungu, mimi nimsimulie habari za fundi cherehani? Nikavua glovu, nikamwita mwenzangu, nikatoka.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kike. Nilimsikia akilia nikiwa korido.

Na yule kijana simlaumu. Huo ndio uchungu wenyewe. Alifanya kile kile nilichokuwa nawahubiria watu wafanye. Ningekuwa mimi na binti yangu pale kitandani, ningesoma yale maandishi na ningeomba mkunga mwingine.

Nimewaandikia tena waifute hiyo sentensi. Wamenijibu kwamba mtahiniwa mwenyewe alikiri, na saini yake ipo. Kosa la mashine sasa limekuwa la kwangu, nimelipokea kwa mkono wangu.

Nililojifunza ni hili. Ukiambiwa usaini jambo ambalo hukulifanya ili mambo yaishe, ujue kwao ndiyo yanaisha na kwako ndiyo yanaanza. Na wewe unayetengeneza mifumo ya leseni, kama unasoma hapa, weka mtu mwenye uwezo wa kusema hapana. Mtu mmoja tu, mwenye macho, anayejua kitenge ni nini. Mashine yako inaweza kukamata wezi, sikatai, lakini mwizi wa chini ya meza haikumwona.

Walimu, mafundi umeme, madereva, manesi, najua na kwenu kadi hizi zimeshafika au ziko njiani. Wanasheria mliomo humu, nisaidieni kama kuna mlango wowote wa kufuta kukiri kwa uongo. Matusi pia napokea, nimeshazoea.

Ila kabla hamjaniambia nilikuwa mjinga, mjibu kwanza hili, na mjibu kwa ukweli. Wanawake wako wanajifungua ng'ambo ya mlango, wewe umebaki na mzani, na kalamu iko mezani. Mngekuwa ninyi, mngesaini?