Mrija wa Rais

Miaka ya sitini ilipokuwa inakaribia kuisha, nilikuwa mwanamke kijana mwenye chungu chake pale Malaba, upande wa Uganda. Nilipika pombe ya wimbi. Jioni wanaume walikaa kukizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, nami nikiongeza maji ya moto. Kulikuwa na adabu zake, na kubwa ni hii: mtu hainuki hivi hivi. Akitaka kutoka, humkabidhi jirani mrija wake na kusema, "Natoka nje kidogo." Asiyesema hivyo alikuwa ameacha nafasi yake.

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa mzee wa reli, Mkenya aliyevuka mpaka kila jioni na redio yake kwapani. Siku hizo jimbo moja la nchi fulani ya Afrika Magharibi lilikuwa limejitenga, na serikali ya nchi hiyo ikawa inalipiga vita. Mzee alimpenda mno rais wa wale waliojitenga, hata wenzake wakambandika jina, wakamwita Rais. Alitusimulia jinsi kiongozi huyo alivyokuwa msomi, alivyovaa magwanda, alivyowatia watu wake moyo wakati miji inaanguka mmoja baada ya mwingine. Mengine nadhani aliyatunga mwenyewe. Ah, lakini alijua kusimulia! Pombe ilipoa tukimsikiliza.

Mpinzani wake alikuwa muuza nyama wa jirani, Mganda, shabiki wa serikali ile kwa ajili tu ya kumchokoza mzee. Siku moja alinifungia nyama kwa gazeti lenye picha ya watoto wa kule, mbavu nje, matumbo yamevimba. Nilipandwa na hasira. Nikamwekea mzee picha ile mapajani nikamuuliza rais wake anangoja nini asisalimu amri, au yeye ameshiba.

Aliitazama. Kisha akasema, "Mama, yule hawezi kuwaacha watu wake. Siku akiwaacha, na mimi nitakiacha chungu hiki."

Wote walisikia.

Basi jioni moja redio ikatangaza kwamba rais amepanda ndege na kuondoka, madaraka amemwachia msaidizi wake. Vita vilikuwa vimekwisha, ingawa hawakusema hivyo bado. Wanaume walicheka mpaka wakapaliwa. Mzee akaizima redio, akainuka, akaulaza mrija wake chini, mavumbini, bila kumpa mtu. Akatoka.

Roho iliniuma. Mkewe alikuwa ameshafariki, na nyumba yake ng'ambo haikuwa na mtu. Zaidi ya chungu changu, mzee yule alikuwa na nini?

Aliyeacha kucheka wa kwanza alikuwa muuza nyama. Aliuokota mrija, akaufuta kwa shati lake, akamfuata barabarani. Nami nikafuata nyuma na birika langu mkononi.

"Mzee," alimwambia, "rais yako ametoka nje kidogo tu. Si ameachia mwenzake mrija? Sasa hii yako, nani anashika?"

Mzee alimtazama, akautazama mrija, akanitazama mimi na birika. Kisha akarudi akakaa mahali pake, na hakuna aliyemtania usiku ule. Jina la Rais lilibaki. Redio hakuileta tena.

Miaka michache baadaye reli ikamstaafisha, ikabidi arudi kwao, mbali na mpaka. Alikuja kutuaga. Alikunywa kidogo, akauliza bei ya wimbi, kisha akainuka. Muuza nyama alinyoosha mkono kuupokea mrija, lakini mzee akanipa mimi.

"Shika, mama. Natoka nje kidogo."

Nilimkasirikia kwa kuniliza mbele ya wateja. Mrija ule uko hapa juu ya mlango wangu mpaka leo. Wajukuu wakitaka kuuchezea nawafokea: wauache, mwenyewe hajarudi.