Haiko mu Liste

Jumapili, tukitoka misani, niliambiwa kwamba fundi wa kompyuta wa ile ofisi ndogo ya kusaidia wakimbizi hapa mtaani Nguba, ninakofanya kazi nami, amekufa kwa homa. Watu wakaanza kumsifu, kama ilivyo desturi. Marehemu husifiwa, wasomaji wangu, na mimi leo sina sifa za kujaza hata kiganja.

Kazi yake ilikuwa kulinda mashine tatu. Disketi zilitufikia zikiwa zimepita mikononi mwa askari na wachuuzi, na moja iliwahi kuleta virusi vilivyofuta majina yote ya wakimbizi wa Mumosho. Tangu hapo hakuingiza programu yoyote bila kuipima. Kila faili, likipitishwa kwenye hesabu fulani, hutoa mfuatano wake wa tarakimu na herufi, kama alama ya kidole. Ukigusa nukta moja ndani yake, mfuatano wote hugeuka. Alikuwa na orodha iliyochapwa ya alama za programu zinazojulikana. Alizisoma kwa sauti, kwa Kifaransa, “sept, neuf, bé, quatre”, na sekretari akafuata kwa kalamu kama anayeitikia litania. Ilikuwa kazi nzuri. Nakiri hilo, na sikiri lingine.

Asubuhi moja nilirudi kutoka Bujumbura na disketi mbili: moja yenye majina ya waliovuka mpaka, kambi kwa kambi, nyingine yenye programu ya kuyafungua. Maman mmoja wa Luvungi alikuwa ameketi pale akimtafuta binti yake. Lori la kwenda kambini lingeondoka saa sita, na dereva alitaka kujua ampeleke kambi ipi. Fundi akaipima programu. Alama yake haikuwamo katika orodha. Nikamweleza kwamba orodha yake ilichapwa kabla ya vita, na hili ni toleo jipya. Tena mashine ya tatu ilikuwa tupu, haina jina hata moja la kupotea, basi aijaribu humo. Hakuniangalia hata.

“Haiko mu liste,” alisema. “Kama haiko mu liste, siijue. Kama siijue, haiingie.”

Yule maman akainuka polepole. “Papa, hata miye siko mu liste yako. Lakini si uko unaniona?”

Akacheka, akamwambia arudi wiki ijayo, akaenda kunywa chai. Dereva alimpeleka maman kwenye kambi kubwa, kwa kubahatisha.

Siku nane baadaye ilifika orodha mpya. Alama ya programu ile ilikuwamo, herufi kwa herufi. Tukayafungua majina: binti alikuwa kambi nyingine, ndogo, na tulipouliza huko tuliambiwa watu wa kambi hiyo walikuwa wamehamishwa siku mbili zilizopita, hakuna aliyejua wapi. “Sasa iko,” fundi alisema, akachukua disketi nyingine. Maman aliporudi, mimi ndiye niliyemwambia. Fundi aliendelea kusoma tarakimu zake.

Vita vimetuambukiza ugonjwa huo. Kwenye vizuizi vya askari huko Ruzizi asiyejulikana huwekwa kando, na sote tunajua kando ni wapi. Orodha ya vinavyojulikana husema neno moja tu: hiki nakijua. Kuhusu kisichomo, iko kimya. Ni uvivu wetu unaougeuza ukimya huo kuwa hukumu. Fundi hakuwa mwovu. Alikuwa na mashine tupu, saa tatu za kuijaribu programu, na mtu aliyesimama mbele yake, akachagua karatasi. Mungu ndiye wa kumsamehe, kwa maana mimi bado nakutana na yule maman barabarani, akiwatajia wageni jina la binti yake.