Nichagulie, Mama

Nakumbuka alasiri moja ya mwezi wa nane, mwanangu, mvua imetoka tu kunyesha, na moshi wa mahindi ya kuchoma ukitambaa chinichini kando ya lango la uwanja wa michezo hapa Eldoret. Nilikuwa msichana wa kutoka kijiji cha Ziwa, miguu mirefu, adabu fupi. Nilikuwa nimemaliza mazoezi ya mbio, na njaa ilinitafuna kama siafu. Nikaenda moja kwa moja kwa jiko la Mama Wairimu, mama aliyekuja kwetu kutoka Murang'a akiwa bibi harusi, akakaa mpaka akajua kututania kwa lugha yetu wenyewe.

Sikumsalimu. Nilianza kuyabonyeza mahindi kwa kucha, hili gumu, hili laini mno, hili sijui, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Hata wewe unafanya hivyo, usinifiche. Sisi sote hapa tuna ukucha wa mahindi.

Mama Wairimu akaacha kupepea makaa.

"Wewe msichana, hilo hindi limekukosea nini?"

"Natafuta lililo laini, Mama."

"Umeshafinya yote ya upande huu. Sasa nani atakula alama za kucha zako?"

Wateja waliosimama pale wakacheka. Yeye hakucheka. Alilitazama jiko lake, kisha akanitazama mimi.

"Haya nimeyamenya mwenyewe na nimeyageuza mwenyewe. Najua lenye utamu na lenye kiburi. Ukifika kwa moto wa mtu, msalimie, halafu umwambie, nichagulie. Si kazi ngumu."

Nikamsalimu, nikasema kwa sauti ya sisimizi, "Nichagulie, Mama."

Akachukua moja nililokuwa nimelidharau, limeungua ubavu mmoja. Akachovya nusu ya ndimu katika chumvi na pilipili, akalisugua mpaka likang'aa. Mwanangu, mpaka leo nikilikumbuka hindi lile mate hunijaa.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu ndilo lililokuwa shamba langu. Kwa hiyo nilisikia. Ila sikujua kwamba neno lile lingenifaa mbali sana na lango la uwanja.

Mwaka uliofuata nilipelekwa Meksiko kukimbia. Ilikuwa safari yangu ya kwanza, na kocha alikuwa ameniambia bila kuzunguka kwamba nisipomaliza mbio zile hatanisafirisha tena. Nyumbani kulikuwa na ng'ombe wa kukamwa na mchumba niliyekuwa nimetafutiwa, mtu mzuri tu, lakini sikuwa nimemchagua. Niliyaweka yote hayo juu ya miguu yangu miwili.

Basi tumbo likagoma. Hotelini kulikuwa na vyakula vya kila rangi chini ya vifuniko vya kioo. Nilizunguka meza ile na sahani yangu, nikichungulia, nikinusa, nikigusa kwa ncha ya uma, hili sijui, hili sijui. Nilirudi chumbani na kipande cha mkate. Kesho yake vivyo hivyo. Jioni ya kuamkia mbio, nilipopanda ngazi, nilisimama mara tatu nikishika ukuta. Nilijua siwezi kumaliza.

Nikatoka nje kulia mahali ambapo kocha hatanisikia. Ndipo nikanusa moshi. Si moshi wa kufanana, ni ule ule. Nikaufuata mpaka kona ya barabara, nikamkuta mama mnene mwenye aproni, jiko la makaa mbele yake, mahindi juu ya waya, na kando, kwenye bakuli, ndimu zilizokatwa nusu, chumvi na pilipili nyekundu. Nilisimama nikashika kifua. Nani alimwambia huyu siri yetu?

Mkono wangu ukanyooka wenyewe, ukucha mbele. Nikaukunja. Sikujua neno hata moja la lugha yake, kwa hivyo nikatumia nililokuwa nalo.

"Habari ya jioni, Mama. Nichagulie."

Alinijibu maneno marefu ambayo sikuyaelewa, akanitazama uso, akaitazama miguu yangu, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona ng'ombe aliyekonda. Kisha akachagua. Lilikuwa limeungua ubavu mmoja. Nilikula la kwanza nikiwa nimesimama, na la pili nimekaa kwenye kiti chake mwenyewe.

Kocha alitokea akinitafuta. Alikuwa ametukataza chakula cha barabarani, na hakukosea, kwa sababu tumbo la mkimbiaji si la kuchezewa. Alianza kufoka, ila mama yule akamwekea hindi la moto mkononi, na nusu ya pili ya hasira zake sijaisikia mpaka leo.

Kesho yake nilimaliza wa nne. Hakuna aliyenipigia ngoma, lakini kocha alinisafirisha tena na tena. Japani, mzee mmoja alinichagulia kiazi kitamu kilichochomwa kwenye mawe ya moto. Uturuki nilichaguliwa mkate wa mviringo uliojaa simsim. Na mume, nilipokuwa tayari, nilijichagulia. Hapo sikumwachia mtu.

Wiki hii mjukuu wangu Jepchumba anakwenda Japani kusoma. Jana nilimkuta ameinamia simu, anasoma vyakula vya barabarani vya dunia nzima, kipi kina nyota ngapi, nani alisema nini. Nikamwambia avae viatu. Tukatoka nyumbani, mtaa wa Pioneer, kwa miguu mpaka lango la uwanja, ambapo siku hizi anachoma Njeri, binti ya Mama Wairimu. Jepchumba akanyoosha ukucha.

"Huyu ni wako, Mama?" Njeri akaniuliza. "Basi mwambie wa kumchagulia bado tuko hapa."

Jepchumba akacheka, akakunja kidole, akasalimu.

Nawe mwanangu, unayejiandaa kusafiri kama yeye, nasaha yangu si ndefu. Dunia ni pana lakini makaa ni yale yale. Ufikapo ugenini, usizunguke meza za watu na uma wa mashaka. Tafuta palipo na moto, na watu wa pale wakiwa wanakula. Salimia kwa lugha uliyo nayo. Kula kilichotoka motoni mbele ya macho yako, na aliyekipika mwachie heshima ya kukuchagulia, maana anayekuchagulia chakula hawezi tena kukuita mgeni.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe hamu ya kula na meno ya kutafunia, na kila mji utakaolala, akuwashie moto kwenye kona, na kando yake amweke mama anayejua lililo tamu.